Anaitwa Jaji lakini hahukumu kesi: Lina Hidalgo na majaji wa kura wa Texas

Julai 2024, kimbunga Beryl kilipoipiga Houston na kuwaacha wateja zaidi ya milioni 2 bila umeme, shemeji yangu anayeishi huko alituma picha kwenye kundi letu la WhatsApp. Ilikuwa picha ya mwanamke kijana amesimama mbele ya vipaza sauti, na chini yake shemeji ameandika: "Jaji amesema tukae ndani kwanza." Majibu yakamiminika. Shangazi akauliza kesi ni ya nini. Binamu akasema kumbe Marekani hata upepo hushtakiwa. Mjomba, aliyekuwa karani wa mahakama miaka mingi, hakucheka. Aliandika tu kwamba jaji akianza kuwatangazia watu hali ya hewa, basi ameshauacha ujaji.

Kwa sheria anazozijua, mjomba hakukosea. Mwanamke yule ni Lina Hidalgo, aliyechaguliwa kuwa Jaji wa Kaunti ya Harris, Texas, ulipo mji wa Houston. Cheo chake ni jaji, anaitwa Jaji Hidalgo hadharani na kwenye magazeti, lakini kesi hasikilizi. Na katika kaunti hiyohiyo wapo watu wengine wanaoitwa majaji, nao pia wamechaguliwa kwa kura, ambao kuhukumu ndiyo kazi yao hasa. Kila habari ya "jaji wa Houston" inapofika huku kwetu, watu hawa wote hutiwa kwenye kapu moja.

Tuanze na maneno yetu wenyewe. Kwetu hakimu hukaa mahakama za chini, jaji hukaa Mahakama Kuu na kwenda juu, na hakuna kati yao anayezunguka na gari la vipaza sauti kuomba kura. Kenya, Tume ya Huduma za Mahakama huwahoji waombaji na kupendekeza majina, kisha Rais huwateua. Wengi wanakumbuka mvutano wa 2021, Rais Uhuru Kenyatta alipowaapisha majaji 34 na kuwaacha 6 waliokuwa wamependekezwa na tume, mpaka William Ruto alipoingia madarakani 2022 na kuwateua hao sita. Tanzania, majaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Ugomvi wetu siku zote huwa juu ya nani ateue. Wazo la kumchagua jaji kwa kura linatusikikia kama kuwaambia mashabiki wa Simba na Yanga wapige kura kumpata refa wa dabi.

Texas hufanya hivyohivyo, na imefanya kwa zaidi ya karne moja.

Lakini Hidalgo kwanza, maana yeye ndiye aliyezua mjadala wa kundi letu.

Alizaliwa Bogotá, Colombia, mwaka 1991, nchi hiyo ikiwa katikati ya vita vya magenge ya dawa za kulevya. Familia ilihama, ikaishi Peru na Mexico, kisha mwaka 2005 ikafika Texas na yeye akasomea sekondari eneo la Katy, pembeni mwa Houston. Alihitimu Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2013 katika sayansi ya siasa, na mwaka huohuo akapata uraia wa Marekani. Baadaye alianza masomo mawili kwa pamoja, sheria katika Chuo Kikuu cha New York na sera za umma Harvard. Aliyasimamisha ili agombee.

Hapo ndipo watu wetu huruka: jaji ambaye hajamaliza sheria? Ndiyo. Katiba ya Texas ya 1876, inayotumika mpaka leo pamoja na mamia ya marekebisho, inataka jaji wa kaunti awe mtu mwenye ufahamu mzuri wa sheria za jimbo. Haisemi awe wakili. Mkulima anaweza, mwalimu anaweza, muuza magari anaweza.

Novemba 2018, akiwa na miaka 27 na hajawahi kushika wadhifa wowote wa kuchaguliwa, Hidalgo alimshinda Ed Emmett wa chama cha Republican, mzee aliyekuwa kwenye kiti hicho tangu 2007 na aliyesifiwa hata na wapinzani wake kwa jinsi alivyosimamia mafuriko ya kimbunga Harvey mwaka 2017. Tofauti ilikuwa kura kama 19,000 katika kaunti yenye watu zaidi ya milioni 4.7. Akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kwenye kiti hicho, na mtu wa kwanza mwenye asili ya Amerika ya Kusini. Mwaka 2022 alirudi tena, kwa tofauti inayokaribiana na ile ya kwanza.

Sasa kazi yenyewe. Jaji wa kaunti huongoza kikao cha watu watano, yeye na makamishna wanne, kila mmoja na kura moja. Kikao hicho kinaitwa Mahakama ya Makamishna. Mahakama tena! Lakini hakuna mshtakiwa ndani yake. Wanapitisha bajeti, wanapanga viwango vya kodi ya mali, wanalipia barabara, jela, maktaba, hospitali za umma na mifereji ya kuzuia mafuriko. Mwaka mmoja baada ya Harvey, wapigakura wa Harris waliidhinisha mkopo wa dola bilioni 2.5 kwa ajili ya mifereji na mabwawa, na Hidalgo alipoingia ofisini Januari 2019 alikuta sehemu kubwa ya kazi yake ni kuamua fedha zile zianzie mtaa gani.

Kwa msomaji wa Kenya, njia ya mkato ni kumfikiria gavana wa kaunti, ila gavana dhaifu kidogo. Hana baraza la mawaziri lake wala veto. Makamishna watatu wakikubaliana dhidi yake, ameshindwa. Wawili tu nao wanaweza kumkwamisha kwa namna ambayo hata wabunge wetu wangeipigia makofi: sheria ya Texas inataka wajumbe wanne kati ya watano wawepo ili kodi ipitishwe, kwa hiyo makamishna wawili wa Republican walibaki nyumbani mwaka 2019, na tena 2022, na kura haikupigwa.

Kwa nini basi aitwe jaji? Nadhani Mswahili wa Pwani ana nafasi nzuri ya kulielewa hili kuliko Wamarekani wengi. Tazama neno baraza. Ni kibaraza cha nyumba wanapokaa wazee jioni, ni kikao cha mji, ni baraza la mawaziri, na Tanzania kuna baraza la kata ambalo watu huenda kusuluhishwa. Neno moja limebeba kukaa, kutawala na kuamua, kwa sababu zamani vitu hivyo vilifanywa na watu walewale mahali palepale. Halafu mkumbuke liwali. Liwali wa Mombasa au Lamu alikuwa mtawala wa mji, na papo hapo alikuwa na mahakama yake. Mahakama za maliwali zilidumu Pwani ya Kenya hadi miaka ya 1960. Bwana DC wa Mwingereza naye alikusanya kodi asubuhi na mchana akakufunga. Hakuna aliyeona ajabu.

Jaji wa kaunti ni liwali wa Texas. Karne ya 19, kaunti ilikuwa malisho, njia za vumbi na watu wachache, na hapakuwa na sababu ya kuajiri mmoja wa kutawala na mwingine wa kuhukumu. Katika kaunti ndogo hali ndiyo hiyo hadi leo. Texas ina kaunti 254, na Kaunti ya Loving, huko magharibi jangwani, ilihesabiwa kuwa na watu 64 katika sensa ya 2020. Watu 64! Harusi ya kwetu ya watu wachache ina wageni zaidi ya hao. Katika kaunti kama hizo jaji wa kaunti bado anaweza kusikiliza kesi za mirathi, za usimamizi wa mali za watoto na za makosa madogo, kisha mchana akajadili bei ya kokoto za barabara. Harris ilipokua, kesi zikapewa mahakama maalumu, na jaji wa kaunti akabaki na utawala peke yake. Kazi ikabadilika, ila cheo kimeandikwa kwenye katiba na hakuna aliyeona haja ya kukibadilisha.

Kimbunga nacho kinaingia hapa. Kwa sheria ya jimbo, jaji wa kaunti ndiye mkuu wa shughuli za dharura katika kaunti yake. Anaweza kutangaza hali ya maafa na kuamuru watu wahame maeneo ya hatari. Ndiyo maana Machi 2019, matangi ya kemikali yalipowaka moto Deer Park, ni Hidalgo aliyesimama mbele ya kamera, akizungumza Kiingereza kisha Kihispania. Kamishna mmoja wa kaunti jirani alimshambulia mtandaoni kwa kutumia Kihispania, akisema hapa si Mexico. Niliposoma hilo niliwaza vile matangazo ya tahadhari hutolewa kwa Kiingereza tupu katika mji ambao nusu ya watu wanaoambiwa wakimbie hawakijui. Machi 2020 ni yeye aliyewaamuru wakazi wabaki majumbani kwa ajili ya korona. Mwezi uliofuata aliamuru barakoa zivaliwe, lakini Gavana Greg Abbott akazuia kaunti kuwatoza watu faini. Amri yake ilibaki karatasini. Kumbuka ngazi hizo mbili: gavana wa jimbo yuko juu yake, na jaji wa kaunti hana namna ya kumkatia rufaa isipokuwa kwenda mahakamani kama raia mwingine yeyote.

Agosti 2023 alieleza waziwazi kwamba anatibiwa ugonjwa wa sonona na yuko nje ya ofisi kwa muda. Kamishna mmoja akaongoza vikao mpaka aliporudi Oktoba. Mitandaoni kulizuka swali: kesi zake zitasikilizwa na nani? Jibu mnalo. Septemba 2025 alitangaza kwamba hatagombea tena 2026.

Sasa tuwafikie wanaohukumu kweli.

Ngazi ya chini kabisa ni hakimu wa amani. Harris inao 16, wawili kwa kila moja ya maeneo yake manane, kipindi chao ni miaka minne, na hawa pia hawalazimiki kuwa mawakili. Husikiliza madai yasiyozidi dola 20,000, makosa ya faini kama ya barabarani, na kufungisha ndoa. Lakini kesi zinazojaza ukumbi wao ni za wapangaji kufukuzwa. Houston imepokea wakimbizi wengi wa Kongo, na familia nyingi zinazozungumza Kiswahili kule huonana na mahakama ya Marekani kwa mara ya kwanza mbele ya huyu hakimu wa amani, kodi ikiwa imechelewa miezi miwili. Basi hili si la kupuuzwa: mpangaji aliyeshindwa ana siku 5 za kukata rufaa, na rufaa ikikubaliwa kesi husikilizwa upya tangu mwanzo katika mahakama ya kaunti, kama vile hukumu ya kwanza haikuwepo. Anayengoja mwisho wa mwezi ajipange huchelewa.

Juu yake wapo majaji wa mahakama za kaunti, ambao si yule jaji wa kaunti, na wa mahakama za wilaya. Wilaya hapa si wilaya ya mkuu wa wilaya; ni eneo la mahakama yenye mamlaka makubwa, ya mauaji, talaka na madai ya mamilioni. Jaji wa wilaya lazima awe na leseni ya sheria, na tangu marekebisho ya katiba yaliyopigiwa kura 2021 anatakiwa awe na uzoefu wa miaka 8. Huchaguliwa kila baada ya miaka minne, kwa tiketi ya chama. Rudia polepole: kwa tiketi ya chama. Mbele ya jina la mtu atakayeamua ulale nyumbani au gerezani pameandikwa Democratic au Republican.

Matokeo yake yanafanana na chaguzi zetu za wimbi, pale chama kinapofagia kuanzia juu hadi diwani. Mwaka 2010 wimbi la Harris lilikuwa la Republican na wagombea ujaji wa Democratic wakashindwa. Mwaka 2018 liligeuka. Texas wakati huo ilikuwa bado na alama moja ya kuchagua chama kizima, ukiitia umemaliza karatasi yote. Ilifutwa kabla ya uchaguzi wa 2020. Majaji wa Republican waliondolewa kwa makumi, wazuri na wabaya pamoja. Usiku uleule wanawake weusi 17, wengi wao wanaingia mahakamani kwa mara ya kwanza kama majaji, walishinda viti Harris, jambo lililotangazwa nchi nzima.

Je, kura zile zilibadilisha kitu? Hapa siwezi kuungana na wanaosema uchaguzi wa majaji ni sherehe tu. Kabla ya 2018, mtu aliyekamatwa Harris kwa kosa dogo, tuseme kuendesha gari bila leseni halali, aliwekewa dhamana ya fedha taslimu. Mwenye dola alitoka jioni, asiye nazo alikaa jela, pengine akakubali kosa ili tu arudi kazini. Kesi ilifunguliwa 2016, na mwaka 2017 Jaji Lee Rosenthal wa mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, akasema mfumo huo unavunja katiba. Majaji wa makosa madogo wa kaunti, karibu wote, walipambana kuutetea kwa fedha za walipakodi. Wakashindwa uchaguzi. Majaji wapya wakakaa mezani na walalamikaji, na mwaka 2019 Mahakama ya Makamishna chini ya Hidalgo ikaidhinisha suluhu kwa kura 3 dhidi ya 2. Ona basi majaji wa aina mbili wakikutana: wa kwanza wakabadilisha utaratibu wa chumba cha mahakama, wa pili akatoa fedha.

Na hapo pia ndipo hofu ilipo. Jaji aliyebadilisha utaratibu wa dhamana kwa sababu wapigakura walitaka, kesho anaweza kumnyima mtu dhamana kwa sababu wapigakura wana hasira. Tena kampeni ni fedha, na mwenye hamu ya kumchangia jaji ni nani kama si wakili atakayesimama mbele yake? Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kisa kinachotajwa sana si cha Texas ila cha West Virginia. Mkuu wa kampuni ya makaa ya mawe, Don Blankenship, alitumia dola milioni 3 kumsaidia Brent Benjamin aingie mahakama ya juu ya jimbo mwaka 2004, wakati kampuni yake ina rufaa ya mamilioni inayoelekea mahakama hiyohiyo. Benjamin hakujiondoa, na alipigia kura upande wa kampuni. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba alipaswa kujitoa. Wanne waliona hakuna tatizo linalohitaji mahakama kuingilia. Wanne!

Wanaotetea kura husema uteuzi nao una mwenye ngoma wake, ila huyo hukaa ikulu na humwoni. Ndivyo hoja ilivyoanza. Mississippi iliwaingiza majaji wake wote kwenye kura mwaka 1832 kwa kuchoka na viti vya mahakama kugawiwa marafiki wa wakubwa. Msomaji wa kwetu aliyeshuhudia uteuzi mmoja au miwili hawezi kulicheka sana hilo.

Yapo makosa mawili ambayo kundi letu liliyarudia mpaka nikachoka, nayamaliza haraka. La kwanza, kwamba majaji wote wa Marekani huchaguliwa. Sivyo, majaji wa shirikisho, kama Rosenthal, huteuliwa na Rais, huthibitishwa na Seneti na hukaa maisha. Majimbo ndiyo yanayotofautiana. La pili ni la yule mzee mpole wa video, Frank Caprio wa Providence, aliyewasamehe watu faini za kuegesha magari na aliyefariki Agosti 2025 akiwa na miaka 88. Watu humtaja kama mfano wa jaji mwema aliyechaguliwa na wananchi. Caprio alikuwa mtoto wa muuza matunda, akafundisha sekondari mchana na kusoma sheria usiku, na ndiyo, alichaguliwa diwani miaka ya 1960, kisha akashindwa alipogombea umwanasheria mkuu wa Rhode Island mwaka 1970. Lakini ujaji wake, kuanzia 1985, hakuupata kwa kura za wananchi. Majaji wa manispaa ya Providence huwekwa na baraza la jiji.

Nilipowaandikia haya yote kwenye kundi, kwa ufupi zaidi, mjomba alijibu neno moja: "Liwali." Nikajua ameelewa. Shemeji ndiye aliyekuwa na la ziada. Alipata uraia, na Novemba 2022 akapiga kura yake ya kwanza. Anasema alijua jina la Hidalgo, alijua la gavana, kisha yakaja majina ya majaji, kurasa kwa kurasa, watu asiowahi kuwasikia. Akawa anapita tu, mpaka akafika kwa hakimu wa amani wa mtaa wao na akalitambua jina: ndiye aliyemfungisha ndoa na dada yangu. Akamtilia alama. Dada anasema bado hajaamua kama hiyo ilikuwa sababu nzuri.